Nani Ataitikia King'ora?

Mazungumzo na wakazi wa mtaa kuhusu kuchagua king'ora cha nyumbani kisichotumia waya

Tumekuja kuzungumzia bidhaa ambayo zamani ilionekana katika makazi ya mabalozi na matawi ya benki tu, nayo leo inauzwa Kariakoo bega kwa bega na feni na majiko ya gesi. Bidhaa hiyo ni king'ora cha nyumbani kisichotumia waya.

Kwanza tunaomba ruhusa ya kupiga kelele kidogo. Juu ya meza hii kuna kisanduku kikuu cha mfumo wa namna hiyo, na pembeni yake kuna kihisi cha mlango. Kihisi hicho ni vipande viwili vya plastiki: kimoja kina sumaku, kingine kina betri na kirusha mawimbi. Tunavitenganisha, kama mlango unavyofunguliwa, na mnasikia wenyewe. Tunamwomba radhi mama ambaye mtoto wake ameamka. Sasa tunatoa betri katika kihisi hicho, tunavirudisha vipande vyake pamoja, na tunamwomba Mwenyekiti atazame saa yake. Ni saa nne na robo. Tutakirudia kihisi hiki baadaye.

Mwalimu mmoja mstaafu alifika ofisini kwetu akiwa na king'ora chake ndani ya kikapu. Anaishi na wajukuu wawili katika nyumba aliyoijenga kwa kiinua mgongo chake. Alikinunua kwa shilingi 380,000, akamlipa fundi shilingi 50,000 za kukifunga, na kwa miezi saba akalala usingizi ambao, kwa maneno yake, hakuwa ameupata tangu mumewe afariki. Usiku mmoja umeme ulikatika tangu jioni. Wezi walikuja baada ya saa nane, wakakata nondo za dirisha la sebuleni, wakachukua televisheni, mtungi wa gesi na cherehani aliyokuwa akiongezea kwayo pensheni. Yeye na wajukuu walikuwa wamelala chumba cha pili. King'ora hakikulia, wala simu yake haikupata ujumbe. Kulipokucha kisanduku kilikuwa ukutani, kisafi kama siku kilipofungwa.

Tulipokifungua tulikuta mambo matatu. Betri ya akiba ndani ya kisanduku ilikuwa haitunzi tena chaji, hivyo umeme ulipokatika nacho kilizimika. Kihisi cha sebuleni kilikuwa kimekwisha betri yake, hatukuweza kujua tangu lini. Na laini ya simu iliyokuwa ndani ilikuwa imefungwa kwa kutotumika, tena ilikuwa imesajiliwa kwa jina la fundi. Mambo mawili ya kwanza, kila moja peke yake, lingetosha kuwaachia wezi njia. La tatu lingemnyima ujumbe wa simu hata kama king'ora kingelia. Mwalimu alituuliza, "Wanangu, mimi nilikosea wapi?"

Tutayapitia mambo hayo matatu, pamoja na mengine ambayo hayakumfika yeye lakini huwafika wengi. Hata hivyo, kuna swali linalotangulia vifaa vyote, na muuzaji hawezi kukujibia: king'ora kikilia saa tisa usiku, nani atakuja?

Katika vijiji vya Usukuma mwano ulipopigwa, kila mwanamume mwenye nguvu alijua wajibu wake, na asiyetoka alitakiwa kujieleza kesho yake. Kelele ile ilikuwa na nguvu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mapatano. King'ora cha plastiki hakina mapatano na mtu yeyote. Ukikifunga bila kumweleza jirani, atakapokisikia mara ya kwanza atafikiri ni gari, mara ya pili atakasirika, na mara ya tatu atajifunika shuka. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, kaeni majirani watatu au wanne. Mpatane nani atawasha taa za nje, nani atapiga filimbi, nani atampigia simu kiongozi wa ulinzi shirikishi, nani atapiga 112 kwa polisi. Mpatane pia kwamba hakuna atakayetoka peke yake kuwakabili watu wasiojulikana idadi yao. Anayeishi mbali na majirani, au mahali ambapo kila nyumba imejifungia ndani ya ukuta wake, afikirie mkataba na kampuni ya ulinzi yenye gari la kuitikia. Aulize gari hilo hulala wapi na hutumia dakika ngapi kufika kwake, na jibu liandikwe katika mkataba. Kama hakuna jirani wala kampuni, kwa maoni yetu fedha hiyo itumike kwanza kuimarisha milango, komeo na taa za nje.

Hapa tuseme neno kuhusu sauti, maana makasha mengi huandika "desibeli 110" au "120" kwa herufi kubwa. Kipimo hicho kwa kawaida huchukuliwa mita moja kutoka kwenye king'ora. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Desibeli 110 za mita moja huwa kama 80 mita 32 mbele, na jirani aliyefunga madirisha na kuwasha feni atapata pungufu sana ya hizo. King'ora kilichomo ndani ya kisanduku, kisanduku kikiwa sebuleni, humwamsha mwenye nyumba lakini hakiwafikii majirani. Mwenye kutaka majirani wasikie anunue mfumo wenye king'ora cha nje, akifunge juu pasipofikika bila ngazi.

Tuje sasa kwenye hilo neno "kisichotumia waya". Kihisi na kisanduku huzungumza kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yana masafa yake. Katika sehemu yetu ya dunia, pamoja na Ulaya, vifaa vya namna hii hutumia zaidi masafa ya karibu na megahezi 433 au megahezi 868. Yale ya 433 yana msongamano mkubwa, kwa kuwa funguo nyingi za magari na rimoti za mageti nazo zimo humo. Kifaa cha 868 kwa kawaida hukuta njia tulivu zaidi. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hutumia megahezi 902 hadi 928, na hapo ndipo wengi hujikwaa bila kujua. Kaka au mpwa aliyeko Marekani anatuma zawadi nzuri, yenye jina kubwa. Lakini megahezi 902 hadi 915 zimo katika masafa ambayo simu za mkononi za GSM 900 hutumia kuongea na mnara. Zawadi hiyo huweza kusumbuliwa na simu za mtaa mzima, nayo huweza kusumbua mawasiliano ya wengine. Tena baadhi ya chaja zake ni za volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 utasikia harufu kabla ya kusikia king'ora. Tunawaomba wenye ndugu nje wawaambie mapema: kama ni lazima watume kitu, watume fedha.

Kifaa chochote kinachorusha mawimbi kinapaswa kuwa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake. Muulize muuzaji kama aina hiyo ya kifaa imeidhinishwa, na utazame kama jina na namba ya modeli iliyo kwenye kasha ndiyo iliyo mgongoni mwa kifaa. Tumekutana na makasha yenye modeli moja nje na nyingine ndani. Muuzaji asiyejua unachomuuliza si lazima awe tapeli, lakini hawezi kukushauri.

Makasha pia hupenda kuahidi masafa ya "mita 100". Mita hizo hupimwa uwanjani. Nyumba zetu zina kuta za tofali za saruji, zege lenye nondo, bati juu na milango ya chuma, na kila kimojawapo hupunguza mawimbi. Tulifunga mfumo huu ulio mezani katika nyumba ya mwenzetu mmoja yenye vyumba vinne. Kihisi cha mlango wa jikoni kilisikika vizuri. Kile cha geti la chuma, kilichokuwa umbali wa hatua 20 tu, kilisikika siku moja na kukosekana siku ya pili. Tulikihamishia kwenye nguzo ya mbao pembeni ya geti, kikatulia. Kwa hiyo usiruhusu fundi atoboe ukuta kabla ya kujaribu: bandika kila kihisi mahali pake kwa gundi ya karatasi, funga milango yote ya ndani, kisha jaribu kila kimoja mara kumi. Kumi kwa kumi ndiyo alama ya kufaulu. Tisa kwa kumi maana yake mwizi mmoja katika kumi anapita.

Jambo lililo muhimu kuliko umbali, na ambalo hatujaliona likitangazwa kwenye kasha la bei nafuu, ni hili: je, kisanduku kinajua kama vihisi vyake viko hai? Kuna mifumo ambayo kihisi hurusha ujumbe pale tu kinaposhtuka, kisha hunyamaza. Kisanduku hakina njia ya kutofautisha kihisi kilicho kimya kwa sababu kuna amani na kihisi kilicho kimya kwa sababu kimekufa. Katika mifumo iliyo bora zaidi, kila kihisi hujitambulisha kwa kisanduku kila baada ya muda fulani, hata pasipo tukio lolote. Kisipojitambulisha, kisanduku hulalamika kwa taa, mlio au ujumbe. Mingine husikilizana pande mbili: kihisi kikisema, kisanduku huitikia kwamba kimesikia, na kisipoitikia kihisi hurudia. Mifumo ya aina hii huweza pia kutambua mtu anapoyaziba mawimbi kwa makusudi. Muulize muuzaji kwa maneno haya haya: "Nikitoa betri ya kihisi, kisanduku kitaniambia baada ya muda gani?" Kisha usitosheke na jibu. Omba ufanye jaribio hilo nyumbani usiku mzima, na kurudisha mfumo kama ukishindwa kuwe sehemu ya makubaliano.

Rimoti nayo ina siri yake. Rimoti za bei ya chini hurusha namba ile ile kila zinapobonyezwa. Namba isiyobadilika huweza kunakiliwa kwa vifaa visivyo ghali, kama fundi wa mageti anavyokutolea rimoti ya pili kwa dakika chache. Zipo rimoti ambazo namba zake hubadilika kila mara, na hizo ndizo za kutafuta. Aliyehamia nyumba ya kupanga iliyo na king'ora tayari afute rimoti zote za zamani kabla ya usiku wa kwanza, kisha aandikishe za kwake, maana hajui mpangaji aliyetangulia aliondoka na ngapi.

Tunaingia ndani ya nyumba. Kihisi cha mwendo, kile cheupe kinachofungwa kwenye kona, hakioni sura ya mtu. Hupima joto linalohama mbele yake: mwili wa mtu una joto tofauti na ukuta, na anapokatiza mbele ya kihisi tofauti hiyo hutembea naye. Yako mambo kadhaa yanayotokana na hilo. Kihisi hushika vizuri zaidi anayekatiza kuliko anayekifuata moja kwa moja, kwa hiyo kisielekezwe dirishani bali kitazame chumba kwa ubavu. Kioo huzuia joto hilo, hivyo kihisi kilichoko ndani hakitamwona mtu aliyesimama nje ya dirisha. Kisha kuna joto la kwetu. Miezi ya Januari na Februari, sebule ya nyumba ya bati isiyo na dari hapa Pwani huweza kukaribia joto la ngozi ya mtu. Tofauti inapokuwa ndogo, kihisi hafifu hupofuka. Vihisi bora hurekebisha makali yao kadiri joto linavyopanda, na maelezo ya kifaa husema hivyo. Ukijaribu chako, kijaribu saa nane mchana na si asubuhi ya baridi.

Adui mkubwa wa kihisi cha mwendo nyumbani kwetu ni mjusi. Hatusemi kwa mzaha. Mjusi anayetambaa juu ya kioo cha kihisi yuko karibu nacho mno, na kwa kihisi yeye ni jitu. Buibui na mende hufanya vivyo hivyo. Mwenzetu tuliyemtaja aliamshwa mara tatu katika wiki ya kwanza, na mara ya tatu alimkuta mhalifu ameganda juu ya kihisi, mkia wake ukining'inia. Ziba mwanya wowote kati ya kihisi na ukuta, usikifunge karibu na taa inayokusanya wadudu, na ukifute vumbi kila mwezi. Pazia linalopepea dirishani likiwa limepigwa jua huleta kelele za bure pia. Mwenye paka au mbwa anayelala ndani anunue kihisi kilichoandikwa kwamba huvumilia wanyama wa uzito fulani, na asikifunge mahali ambapo paka hupanda juu ya kabati na kujikuta uso kwa uso nacho.

Kihisi cha mlango ni kitulivu zaidi, nasi tunakipenda kwa sababu huweza kufanya kazi usiku watu wakiwa ndani wanatembea. Kina udhaifu wake: hujua mlango umefunguliwa, hakijui nondo zimekatwa wala bati limeinuliwa. Ndiyo maana mfumo wa milango peke yake haukutosha kwa mwalimu wetu. Kwenye mlango wa chuma huhitaji kipande cha mbao au plastiki chini yake, la sivyo chuma huvuruga sumaku. Na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo watu huyaacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa, humlazimisha mwenye nyumba kuchagua kati ya hewa na king'ora. Wengi huchagua hewa, nasi hatuwalaumu. Katika nyumba ya namna hiyo, linda korido inayotenganisha sebule na vyumba vya kulala kwa kihisi cha mwendo. Mpangilio wa usiku uweze kuwasha cha korido na sebule na kuviacha vya vyumbani vimelala. Uliza kama mfumo unaruhusu jambo hilo, kwa maana mingine huwasha vyote au huzima vyote.

Kuhusu umeme. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 50131 hupanga mifumo ya king'ora katika madaraja manne, na kwa madaraja mawili ya chini hutaka betri ya akiba ihimili angalau saa 12. Hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia hata kwetu, ijapokuwa mwenye kumbukumbu ya mgawo wa umeme atataka zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Betri ya miliampia-saa 1,000 katika kisanduku kinachokula miliampia 100 hukaa saa kumi, kisanduku kikiwa kimya. Kikianza kulia hula zaidi. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, saa kumi alfajiri umebaki na plastiki. Tena betri huchoka: yenye saa kumi leo haitakuwa nazo baada ya miaka miwili ya joto. Kila mwezi, chomoa kisanduku jioni na utazame kama asubuhi bado kiko hai. Wala tusiisahau LUKU, kwani uniti zikiisha usiku wa manane kisanduku hakijui kama ni mgawo au ni mfuko wako. Usafiripo, acha uniti za kutosha.

Waifai ya nyumbani hufa pamoja na umeme. Mfumo unaotegemea ruta peke yake huwa bubu wakati ule ule giza linapoingia, isipokuwa ruta nayo iwe na betri. Kwa nyumba nyingi za hapa tunapendekeza mfumo wenye laini ya simu, au wenye njia zote mbili. Hapo hapo tazama kizazi cha mtandao. Marekani kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa 2G mwanzoni mwa 2017 na wa 3G Februari 2022, na ving'ora vilivyotegemea mitandao hiyo vililazimika kubadilishiwa kifaa cha mawasiliano au kunyamaza. Anayenunua leo kwa matumaini ya miaka kumi ni vyema anunue chenye 4G.

Laini yenyewe isajiliwe kwa jina lako. Tunalisisitiza kwa sababu mafundi wengi, kwa wema tu, hutoa laini waliyo nayo mfukoni ili kazi iishe. Laini ya fundi ni mali ya fundi kisheria: akiipoteza, akiifunga au akiihamisha, king'ora chako kimekatwa ulimi. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ya king'ora iwe mojawapo. Iondolee namba ya siri inayoulizwa simu inapowashwa, maana kisanduku hakijui kuijibu. Iwekee salio, na mara moja kwa mwezi ifanye ikutumie ujumbe ili isihesabiwe kuwa imekufa. Kisha badilisha nywila iliyotoka kiwandani. Mifumo mingi huwashwa na kuzimwa kwa ujumbe wa simu wenye nywila, na ile ya kiwandani, mara nyingi 1234 au mfano wake, imeandikwa katika kijitabu ambacho kila aliyenunua mfumo kama wako anacho. Mwombe fundi akufundishe kuibadilisha, kisha ibadilishe akishaondoka.

Mifumo yenye kamera tutaigusa kwa ufupi, kwa kuwa ina kijitabu chake. Ukifunga kamera ndani ya nyumba, picha za familia yako huenda zikatunzwa katika mitambo iliyo nchi nyingine. Uliza ziko wapi, nani anaziona, na zinafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuuliza. Dada wa kazi naye aelezwe kamera iko wapi.

Sasa turudi kwa mwalimu na lile duka. Alipokwenda kulalamika aliambiwa fundi si wao. Fundi aliambiwa betri mbovu ni ya duka, naye akasema hivyo hivyo. Mwalimu alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, "alarm 1", na kiasi cha fedha, bila jina la kifaa wala namba yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu ubora na matumizi ya bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Lakini karatasi ile haikuthibitisha hata kwamba kifaa kilichokuwa kikapuni ndicho kilichouzwa. Baada ya kuwaita pande zote, duka lilikubali kumpa betri mpya ya kisanduku na kihisi kimoja. Fedha hazikurudi, wala cherehani. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu risiti ya mashine ya kielektroniki yenye modeli ya kifaa, pamoja na dhamana ya maandishi, ingetupa mkono wa kumsaidia. Ukinunua, dai pia ahadi za mdomo ziandikwe nyuma ya risiti na kupigwa muhuri: "betri ya akiba saa 12", "kisanduku hutoa taarifa kihisi kikifa", "dhamana mwaka mmoja". Muuzaji anayeamini bidhaa yake hataona tabu. Na kama inawezekana, anayeuza ndiye afunge, kwa mkataba mmoja, ili asiwepo wa kumtupia mwenzake mpira.

Jambo la mwisho kabla ya maswali yenu linahusu moto. King'ora cha wezi hakinusi moshi, isipokuwa mfumo uwe na kihisi cha moshi, na mingi huuza kihisi hicho kama nyongeza ya bei ndogo. Kinunueni. Nyumba zenye nondo kila dirisha na kufuli mlangoni zinamzuia mwizi asiingie, na zinamzuia mwenye nyumba asitoke. Ufunguo wa mlango ukae mahali pamoja panapojulikana na kila mtoto, na namba ya zimamoto ni 114.

Mwenyekiti anatuonyesha kwamba imetimia saa tano kasoro dakika kumi. Kile kihisi tulichokitoa betri kiko hapa. Tunavitenganisha vipande vyake, mlango umefunguliwa, na mnasikia mlivyosikia: hakuna kitu. Tazameni taa ya kisanduku. Ni ya kijani, maana yake kwa maoni yake nyumba iko salama. Kwa haki yake, mifumo mingine huchukua saa kadhaa kugundua, na hatupendi kukihukumu kwa dakika 35. Kwa hiyo tunakiacha ofisini kwa Mtendaji, kimechomekwa kama kilivyo, hadi kesho saa nne. Atakayepita njia hiyo aingie aitazame ile taa.